Tumbawe Chini ya Kitanda

Sasa mtu wa Ntobeye, bahari ataijulia wapi? Ildefonsa alikuwa hajawahi kuona hata Ziwa Viktoria. Maji makubwa aliyoyajua ni mto Ruvubu ukiwa umefurika, basi, yameishia hapo. Lakini chini ya kitanda chake, ndani ya kopo la maziwa ya unga, limeviringishwa kwenye kipande cha kitenge, alikuwa na donge la bahari. Bahari ya kweli, ile ya chini kabisa ambako jua halijawahi kufika tangu dunia iumbwe. Na donge hilo ndilo lilikuwa limeshikilia ndoa yake.

Lilikuwa la mumewe, Nyandwi. Huyu alikuwa Mrundi, mkimbizi wa kambi ya Lukole, mwalimu wa sayansi kwenye shule ya humo kambini. Walijuana sokoni. Ildefonsa anauza ndizi, Nyandwi anakuja kununua, anachagua ndizi moja moja, anaigeuza juu chini kama daktari, mpaka siku moja Ildefonsa akamwambia, "Baba, hiyo ni ndizi, haina homa." Ndiyo hapo wakaanza. Padri akawafungisha, wazazi wakanuna kidogo, halafu wakanyamaza. Ila serikali na kambi ni mambo mengine: yeye akabaki na namba yake ya ukimbizi huko Lukole, mke akabaki kwa wazazi wake Ntobeye, wakawa wanaonana kwa kubahatisha, kama watu wanaoibiana.

Siku ya kwanza Nyandwi alipomwonyesha lile donge, Ildefonsa alilipima mkononi. Lilikuwa kubwa kama ngumi, limejaa vijitundu, nje lina rangi ya chai ya maziwa, ndani jeupe pee, na ubavuni limeandikwa namba kwa rangi nyekundu.

"Jiwe gani hili jepesi?"

"Siyo jiwe. Ni mnyama."

"Mnyama! Na mdomo wake uko wapi?"

"Kila kitundu unachokiona ni mdomo."

"Wewe Mrundi wewe, unanidanganya kwa sababu nimeishia la saba."

Nyandwi akakaa kitako, akaanza kueleza, na akianza kueleza humzuii. Miaka ya themanini alipelekwa kusoma Urusi, huko akapandishwa meli ya utafiti, wakazunguka mpaka nje ya pwani ya Afrika Magharibi. Wakateremsha ndoo kubwa ya chuma kwa waya mrefu, mita mia na mia na mia, mpaka mia saba, ikakwangua mlima ulioko chini ya maji. Ilipopanda ilikuwa imejaa hayo. Matumbawe. Lakini siyo matumbawe ya pwani ya kwetu yanayokaa kwenye maji ya vuguvugu na jua. Haya yanakaa gizani, kwenye maji ya baridi kama ya kisimani asubuhi ya mwezi wa saba.

"Sasa gizani huko anakula nini?"

"Anangoja. Hana miguu, hana jembe. Anatoa vidole vyake anangoja mkondo wa maji umletee. Mkondo ukileta, anakula. Usipoleta, amekwisha."

"Kama nyie na mgao wa chakula," Ildefonsa akasema.

Nyandwi alicheka mpaka akashika ubavu. "Haki ya Mungu! Kama sisi na mgao."

Halafu akamwonyesha kitu chenyewe. Katikati ya donge palikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama uzi wa kushonea. Chini ya mstari tumbawe moja, juu ya mstari tumbawe lingine, limemkalia mwenzake mgongoni.

"Zamani sana dunia iliingia baridi," akasema. "Kaskazini kule barafu ikafunika nchi nzima nzima, matumbawe ya huko yakafa yote. Lakini huku kwetu Afrika, upepo ukawa mkali, ukakoroga bahari, chakula kikapanda kutoka chini, matumbawe yakashiba, yakajenga mpaka vilima. Halafu joto likarudi. Barafu ikayeyuka, mikondo ikahama. Kule kaskazini yakaanza kuota upya, na huku kwetu yakafa njaa."

"Si yangekimbilia huko kaskazini?"

"Mkubwa akishajishika kwenye mwamba hakimbii tena. Watoto tu, wakiwa bado kama vumbi, ndio maji yanaweza kuwabeba." Akaweka kidole kwenye mstari mweusi. "Huyu wa chini alikufa hapa. Pakapita muda. Halafu bahari ikabadilika tena, huyu wa juu akaja akakalia mifupa. Sasa huo muda wa katikati, bahari ilipokataa watu wake, ulikuwa mrefu kiasi gani? Hakuna anayejua. Uko hapa. Kwenye huu uzi."

Ildefonsa aliuangalia ule uzi. Alielewa nusu. Lakini alielewa kwamba mwaka wa tisini na tatu, watu wanabeba godoro na sufuria wanakimbia, huyu mwanaume alibeba hili.

*

Mwaka wenyewe tunaouzungumzia ni ule kambi inaelekea kufungwa. Maroli yanakuja, yanapakia watu, yanashika njia ya Kobero kuwarudisha Burundi. Mgao umepungua, soko limekufa, kila mtu anaulizwa, "Na wewe unaondoka lini?" Wengine walifurahi kurudi, tusidanganyane, walikuwa wamechoka. Lakini Nyandwi kwao Muyinga shamba lilikuwa linalimwa na mtu aliyemuua kaka yake. Mtu mzima, mwenye watoto, anasalimiana na majirani vizuri tu. Na huyo mtu alishatuma ujumbe kwa watu waliotangulia: mwambieni Nyandwi nyumbani kuna nafasi yake, pembeni ya kaka yake.

Tumaini likaja kutokea Biharamulo, dukani kwa Amri. Amri huyu ni wa zile familia za Kiislamu zilizotoka pwani zamani kufanya biashara, babu yake aliuza chumvi, yeye akauza simu, vocha, na alikuwa na kompyuta moja yenye intaneti iliyokuwa inakohoa kama trekta. Nyandwi alipata kibali cha kwenda hospitali ya Biharamulo, akapitia kwa Amri, akaandika jina la mwenzake wa melini. Modestus. Mhaya wa Bukoba, walilala chumba kimoja huko Urusi. Siku hizi Modestus yuko Ulaya, kwenye chuo chenye mashine ya kupima umri wa matumbawe.

Modestus alijibu kama mtu aliyefufukiwa na ndugu. Akasema ile mizigo yote ya meli ilipotea nchi ya Warusi ilipovunjika, ghala likaingia maji, vitu vikatupwa. Hakuna aliyebaki na kitu kutoka mlima ule. Hakuna! Chuo chake kinataka kurudi huko, kinatafuta mtu aliyekuwepo. Wakipata donge la Nyandwi, likiwa na ile namba ya melini iliyoandikwa kwa rangi nyekundu, na uzi wake katikati, watamwita akafanye kazi nao, na mwito huo utamtoa kwenye maroli. Bila donge, Nyandwi ni mkimbizi kama wengine anayesema aliwahi kupanda meli.

Na Modestus alikuwa anakuja Bukoba kumzika shangazi. Jumamosi angepita Biharamulo akielekea Mwanza kupanda ndege. Wakutane kwa Amri.

Mkimbizi haruhusiwi kutoka mbali bila kibali, na siku hizo vibali vilikuwa havitoki tena. Kwa hiyo Nyandwi akampa mkewe lile kopo. "Wewe ni mwananchi," akamwambia. "Hakuna atakayekuuliza umebeba nini." Ildefonsa alikuwa na tumbo kubwa, bado mwezi mzima. Akaliweka kopo chini ya kitanda.

Jumanne ya wiki hiyo hiyo uchungu ukaanza. Wakatoka wawili, wasichana, wadogo kama maembe. Bukuru na Butoyi, kama mapacha wote wa kwetu wanavyoitwa, mkubwa na mdogo.

*

Hapa lazima umjue mama yake Ildefonsa. Mama Priscila. Mama wa jumuiya, rozari shingoni, Jumapili anakaa benchi la mbele. Lakini mapacha ni mapacha. Ntobeye nzima inajua, hata wanaopokea komunio wanajua: mapacha wasipopakwa ngwa, ule udongo mweupe wa bondeni unaoachwa mpaka udondoke wenyewe, wazazi watatokwa mabaka mwili mzima, na mtoto mmoja atamwita mwenzake waondoke. Kanisani hakuna anayelisema hilo. Nyumbani kila mtu analifanya, mlango umefungwa, na kesho yake hakuna aliyeona kitu.

Shida ni kwamba shimo la ngwa nzuri lilikuwa upande wa mpakani, na mpakani wakati huo kulikuwa na askari wanaosaka majambazi. Mama Priscila alienda Jumatano, akarudishwa. Akaomba kwa jirani, jirani naye hana. Akarudi nyumbani amenuna, anazunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Alhamisi asubuhi Ildefonsa alikuwa amelala, mwili umemwisha, watoto wamechukuliwa na bibi yao. Katikati ya usingizi akasikia jiwe la kusagia huko jikoni. Kwaru, kwaru, kwaru. Akajua mama anamsagia ulezi wa uji. Akafurahi kabisa, akajigeuza upande wa pili, akalala tena.

Alipoamka watoto walikuwa pembeni yake. Weupe. Nyuso nyeupe, vifua vyeupe, miguu myeupe, wamelala wametulia kama sanamu za malaika.

Mama Priscila alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono inameta siagi ya ng'ombe, anatabasamu.

"Sasa tumepona," akasema.

"Mama, ngwa umeipata wapi?"

"Aa, unaniuliza mimi? Si wewe uliyeificha!" Akacheka kwa sauti ya chini, sauti ya siri za wanawake. "Mimi nahangaika mpaka mpakani na askari, kumbe mwanangu ameshajiandaa. Ukaona aibu kuniambia kwa sababu ya jumuiya, eh? Mimi ni mama yako, Ildefonsa. Ila ngwa yako ngumu hiyo! Imenimaliza mkono."

Ildefonsa alishuka kitandani kwa magoti, mwanamke wa siku mbili tu tangu ajifungue, akaingiza mkono chini. Kopo lilikuwepo. Kitenge kilikuwepo, kimekunjwa vizuri, mama yake ni msafi.

Alitambaa mpaka jikoni. Jiwe la kusagia lilikuwa limeshaoshwa. Akapekua vumbi lote pale chini kwa kucha, akapata kipande kimoja kilichorukia nyuma ya mafiga, kidogo kama punje ya harage. Hakina rangi nyekundu. Hakina uzi.

"Mwanangu, nini?" Mama Priscila yuko mlangoni, tabasamu bado halijaondoka vizuri usoni. "Nini? Nimefanya nini?"

*

Jumamosi walienda wote wanne. Mama Priscila alikataa kubaki. "Nimesaga mimi, nitasema mimi." Kila mmoja amebeba pacha wake mgongoni. Walipata nafasi kwenye roli la ndizi, wakangoja Nyakahura magari yakusanyike yapite pori kwa msafara, mbele askari na nyuma askari, na njia nzima mama anasali rozari na Ildefonsa anageuza geuza kile kipunje mkononi. Hiki ni cha wapi? Cha chini au cha juu? Alilishika donge lile mara ngapi jamani! Sasa akifumba macho analiona lote, namba na uzi na vitundu, akifumbua anaona harage.

Amri aliwapokea kwa kelele. "Mama mapacha! Hongera! Shikamoo bibi. Karibuni ndani, mgeni wenu kafika tangu saa mbili, kanimalizia chai."

"Marahaba," Mama Priscila akajibu, na kwa mara ya kwanza maishani alisahau kuuliza habari za nyumbani.

Modestus alikuwa mrefu, kipara, suti ya msiba bado ina vumbi la Bukoba. Aliinuka, akamshika Ildefonsa mikono yote miwili. "Mke wa Nyandwi! Huyo mtu alikuwa anakoroma mpaka meli inayumba. Liko wapi?"

Ildefonsa akafungua kitenge. Ndani yake kipunje, na unga kidogo aliokwangua kwenye bakuli la kuchanganyia, umegandiana na siagi.

Modestus alitazama kitenge. Halafu akamtazama Ildefonsa. Halafu macho yakaenda begani kwake, kwenye kipaji cha uso wa Bukuru, cheupe pee. Mhaya yule alielewa kabla hajaambiwa. Kwao pia mapacha wana mambo yao.

"Aisee," akasema.

"Nimefanya mimi," Mama Priscila akaanza. "Yeye alikuwa amelala. Kama kuna kupigwa, nipigwe mimi. Kama kuna polisi, ni mimi. Baba, mwandikie mzungu wako hivyo, mwambie ni bibi mmoja mjinga wa Ntobeye."

"Hakuna polisi, mama. Kaa."

"Sikai."

"Huu unga haupimiki?" Ildefonsa akauliza. "Si ni lile lile? Hakuna kilichopotea, liko lote. Jingine hili hapa kwa watoto, unaweza kukwangua. Kwangua!" Akamshusha Bukuru, akamsogeza kwenye meza ya Amri kati ya vocha na betri. "Wako wawili. Kwangua wote."

Mama Priscila akaruka. "Haguswi mtu! Haijadondoka yenyewe bado!"

"Mama!"

"Sikwangui, sikwangui," Modestus akasema, akainua mikono. Alikaa chini taratibu. "Dada yangu, sikiliza. Unga una umri, ndiyo. Lakini sasa aliyekufa zamani na aliyekuja baadaye wamechanganyika. Nikiupima, mashine itanipa umri wa mtu ambaye hajawahi kuishi. Kati ya hapa na pale. Sisi tulitaka ule mwanya. Mwanya ndio umesagwa."

"Na hiki?" Akampa kipunje.

Modestus alitoa kioo cha kukuzia mfukoni, akakiangalia upande huu, upande ule. "Cha chini au cha juu?"

"Cha chini."

"Una hakika?"

Intaneti ya Amri inakohoa.

"Usiape, mwanangu," Mama Priscila akanong'ona.

"Hata ukiwa na hakika," Modestus akasema, "nahitaji na cha juu. Kimoja peke yake kitaniambia alikufa lini. Hakitaniambia palikaa tupu muda gani. Na kwa nini waamini kimetoka mlima ule? Namba iko wapi? Mimi nakuamini. Wallahi nakuamini."

"Basi waambie unaniamini."

Akapiga simu. Ildefonsa hakujua lugha ile hata neno moja, kwa hiyo alisikiliza uso. Uso ulianza umeinuka. Ukabishana. Ukacheka kicheko kifupi cha kubembeleza, kile cha mtu anayeomba kitu kwa bosi, akakijua, ni kile kile cha watu wanaoongea na afisa getini Lukole. Halafu ukasikiliza kwa muda mrefu. Halafu ukawa unasema "ndiyo, ndiyo" kwa lugha yao, na hilo nalo alilijua bila mkalimani.

Modestus akakata simu. Akabaki ameishika.

"Wamesema wanasikitika sana."

"Wanasikitika," Amri akarudia, akachukua kitambaa akaanza kufuta kioo cha kabati ambacho kilikuwa safi. Mama yake Amri, Bi Swabaha, alikuwa amechungulia kutoka chumba cha nyuma na birika, akauliza kuna nini. Amri akamwambia wanatafuta tumbawe. "Tumbawe tu?" Bi Swabaha akashangaa. "Kwetu pwani wanajengea vyoo. Mngesema mapema, tungewaletea gunia."

Hakuna aliyecheka, na yeye hakuwa anatania.

Gari la Mwanza likapiga honi mbele ya boma. Modestus alitoa pesa alizokuwa nazo mfukoni, Ildefonsa akakataa, Modestus akaziweka mezani, Amri akazisukumia kwenye mkoba wa Mama Priscila. Modestus akaahidi ataandika, atajaribu mlango mwingine, asikate tamaa. Alikuwa anasema ukweli, mtu yule, alikuwa na machozi. Lakini roli la Nyandwi lilikuwa Jumatatu.

*

Jumatatu Lukole ilikuwa vumbi tupu. Watu wanapandishwa na milango yao, maana milango waliing'oa waende nayo, na mbuzi, na baiskeli, na kuku ndani ya vikapu. Ildefonsa alisukumana mpaka roli la nne, akamwona Nyandwi amesimama chini, ana begi moja, anaangalia kila mwanamke anayepita.

Mama Priscila alibaki nyuma, amegeuza mgongo, kitenge kimefunika kichwa, kwa sababu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Siku hiyo adabu ilimsaidia.

Nyandwi hakuuliza habari za Biharamulo. Aliona watoto kwanza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwaona.

"Hee! Mbona umenizalia wazungu?" Akamchukua Butoyi, akamchukua na Bukuru, mmoja kila mkono, akawa anacheka, anawanusa, anawauliza kwa Kirundi wametoka nchi gani. Ildefonsa akamwacha acheke. Alitamani roli liondoke kabla hajamaliza kucheka.

"Ngwa mliipata wapi? Si nasikia mpakani kumefungwa?"

Akamwambia. Alimwambia kwa maneno machache, na kila neno alilitoa kama mtu anayejing'oa jino.

Nyandwi alitazama mashavu ya watoto wake muda mrefu. Ule weupe ulikuwa umepasuka pasuka kama udongo wa kiangazi, na kwenye mikunjo ya shingo ulikuwa bado mzito. Alishusha midomo yake akaigusisha pale shingoni kwa Bukuru, akabaki hapo. Alipoinua uso alikuwa na vumbi jeupe kwenye masharubu.

"Mita mia saba," akasema. Basi.

"Modestus ameuliza hiki," Ildefonsa akasema, akafungua kiganja. "Ni cha chini au cha juu? Wewe unalijua. Umelibeba miaka yote. Niambie nimpigie simu, labda, labda akijua—"

Nyandwi alimrudishia watoto, akachukua kipunje. Akakigeuza kama alivyokuwa anageuza ndizi. Akakiinua kwenye jua. Akakilamba. Kondakta wa roli anapiga bodi kwa kofi, "Twende, twende, wa mwisho," na Nyandwi bado anageuza, na Ildefonsa anatazama vidole vyake, anangoja, maana huyu ndiye aliyesoma, huyu ndiye aliyekuwepo melini, duniani kote kama kuna mtu wa kujua ni huyu.

"Sijui," Nyandwi akasema. Akamtazama kama mtoto aliyepotea sokoni. "Ildefonsa, mimi mwenyewe sijui."

Akakirudisha kiganjani kwake, akamfungia vidole. Halafu mikono ya watu ikamvuta juu, begi likarushwa nyuma yake, bodi ikafungwa. Alipata nafasi katikati, kati ya mlango wa mtu na baiskeli ya mtu. Roli lilipogeuka kushika njia ya Kobero alijaribu kupunga mkono, lakini walivyobanana hakuweza kuutoa.

*

Ngwa ikadondoka yenyewe, kama inavyotakiwa. Siku hiyo Mama Priscila akapasha maji, akaleta beseni, akasema sasa waogeshwe, yamekwisha salama, hakuna mabaka, hakuna aliyeumwa. Alisema "salama" halafu akashika mdomo wake.

Kutoka ng'ambo ya mpaka hakukuwa na habari yoyote. Amri alikuwa anapiga namba za watu waliorudi, zinaita, hazipokelewi.

Ildefonsa aliwaogesha watoto mmoja mmoja. Mabaki yaliyokuwa kwenye mikunjo yakatoka, maji yakawa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Akawafuta, akamkabidhi mama yake. Akalibeba beseni mpaka nje.

"Mwaga chini ya mgomba," Mama Priscila akamwambia kutoka ndani. "Maji ya mapacha hayamwagwi njiani."

Alifika kwenye mgomba. Weupe ulikuwa umeanza kuzama, unajikusanya chini ya beseni taratibu, maji ya juu yanabaki safi. Akasimama hapo. Beseni likamlemea, maji yakatikisika, yakachafuka upya, ikabidi angoje tena yatulie.

"Umemwaga?" mama yake akauliza.

"Bado," akasema.